Nanga Mbili, Weusi Wawili

Dar es Salaam,
9 Desemba 1912

Bibi yangu,

Mbukwa ya kwetu, na shikamoo juu yake. Naomba barua hii ikukute mlangoni unagombana na kuku, maana hapo ndipo nitajua una afya. Mimi sijambo, ila joto la huku linanitoa jasho hata nikiwa nimekaa.

Ulidhani nipo Dodoma bomani. Sipo. Bwana Miwani, yule mkubwa wangu wa ofisini, amepata likizo, akanichukua tukaja pwani. Hapa yeye na Wajerumani wenzake wawili wana chombo cha matanga. Si cha mzigo wala cha kuvulia samaki, ni cha kushindana tu. Tarehe 27 Januari, sikukuu ya kuzaliwa Kaisari, vyombo sita vitatoka bandarini, viende kusini hadi kisiwa cha Mafia, vikizunguke, virudi. Ni siku tatu, na mahali pengine nchi kavu haionekani. Atakayefika kwanza atapewa kikombe cha fedha.

Mimi ni mmoja wa watu wa chombo. Kazi yangu ni daftari. Kila saa naandika tulipo, upepo unakotoka, na boya tulilolipita. Bila daftari hilo wasimamizi hawasadiki kwamba mtu alizunguka kisiwa kweli, maana angeweza kujificha mahali akarudi. Bwana Miwani anasema hakuna mwandiko ulionyooka kama wangu. Unajua namnakilia barua zake mwaka wa tatu huu, na naweza kuandika kama yeye hata mwenyewe akashindwa kujua ipi yake ipi yangu. Nisipokuwa naandika, nakaa ukingoni, upande upepo unakotoka, ili chombo kisilale.

Sikulazimishwa, bibi. Aliniuliza, nikasema ndiyo. Nataka kwenda.

Mjukuu wako,
Matonya


Mvumi, mwezi wa kupanda uwele
(Yudith anasema ni 19 Desemba 1912)

Mume wangu usiye na akili,

Nasema mimi, anaandika Yudith mke wa mwalimu Kefa. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipambe kama maiti.

Mimi mzima. Goti la kushoto linauma na la kulia linamcheka mwenzake. Mbuzi mweusi amezaa mapacha. Mvua imepiga mara mbili, tumepanda, sasa imenuna. Wewe je, unakula? Nasikia watu wa pwani wanakula wali na samaki kila siku. Ndiyo maana wana haraka ya kugombana, tumboni hamna kitu.

Sasa hilo jambo lako. Niliposomewa mara ya kwanza nikamwambia Yudith amesoma vibaya. Akasoma tena. Nikamwambia mumewe asome. Kefa naye akasoma yale yale.

Wewe, Matonya, umezaliwa mahali ambapo maji tunayafukua mchangani kwa kibuyu. Mara yako ya mwisho kuingia kwenye maji ni lile dimbwi la ng'ombe. Nilikutoa kwa mguu, kichwa chini, ukatapika matope mpaka jioni. Ulikuwa na miaka sita, na dimbwi lenyewe lilinifika magotini.

Na hayo ni mashindano ya nini? Ng'ombe hukimbia akinusa maji, mtu hukimbia akiona simba. Hawa wanakimbia, wanazunguka kisiwa, wanarudi pale pale walipotoka. Kefa ananiambia kikombe chenyewe hakinywewi, kinawekwa rafuni kitazamwe. Watu wazima, wana ndevu.

Nimekukataza. Usiseme hukusikia. Baba yako yuko kaburini, mama yako yuko kaburini, aliyebaki kukwambia hapana ni mimi, na hapana yangu ndiyo hii. Ukitaka kulowa, njoo upalilie mvua ikirudi. Ukizama huko mimi nitaolewa na nani? Wazee wa hapa wote wanakoroma.

Mke wako mkongwe,
bibi yako


Dar es Salaam,
5 Januari 1913

Bibi yangu,

Nakuamkia nikiwa nimeinama, maana najua fimbo yako inafika mbali. Pole kwa goti. Mimi mzima, nimekonda kidogo. Hao mapacha usiwauze mpaka niwaone.

Nilikusikia na sikukutii. Tumetoka mara nne kujifunza. Mara ya kwanza nilitapika hadi nikadhani naitoa roho, na Mbwana akanishika ukosi. Huyu Mbwana ni baharia wa hapa, mtu mzima, ana watoto saba. Chombo kizima anayekijua kweli ni yeye, Wajerumani hushika usukani yeye akiwatazama kwa jicho la pembeni. Mara ya tatu sikutapika. Mara ya nne, bibi, nilikaa ukingoni, miguu inaning'inia, nikaona upepo unakuja juu ya maji kama unavyokuja juu ya shamba la uwele. Unauona kabla haujakufika. Nikasema, "Unakuja." Mbwana akageuka, akauona, akalegeza kamba. Akaniuliza, "Karani, nani kakufundisha?" Nikamwambia nilichunga mbuzi.

Lakini leo sina raha. Jana Bwana Miwani alinipa nakala ya karatasi ya chombo niiandike safi, ipelekwe kwa wasimamizi pamoja na daftari tukirudi. Juu pana majina ya watu wa chombo. Ni matatu, yake na ya wenzake. Nikadhani imesahaulika sehemu. Nikaendelea kunakili. Chini pana vifaa, kimoja kimoja: nanga mbili, kamba pima mia, mapipa manne ya maji, weusi wawili, taa tatu.

Niliyaandika hayo kwa mkono wangu, kwa mwandiko wangu ulionyooka.

Nikamwonyesha Mbwana. Akacheka, "Karani, bahari haisomi." Labda ni kweli. Lakini tangu jana nawaza kwamba wewe ulikuwa na haki, nishuke, nirudi Dodoma nikakae kwenye meza yangu.

Mjukuu wako,
Matonya


Mvumi, mwezi wa kupalilia
(14 Januari 1913)

Matonya,

Leo sikuiti mume wangu, leo nina hasira. Afya yangu ni nzuri kwa sababu ya hasira. Mapacha wapo. Mvua imerudi, magugu yamerudi nayo. Yudith ana mafua, akipiga chafya karatasini usidhani ni machozi yangu.

Nilikukataza kwenda. Sasa sikiliza. Mimi naweza kukukataza, maana nilikulea. Mtu anayekuweka kati ya pipa na taa hawezi kukukataza wala kukuruhusu. Akikushusha yeye, ni aibu. Ukishuka mwenyewe kwa sababu yake, ni aibu mara mbili. Kwa hiyo hapana yangu nimeirudisha nyumbani. Utakwenda.

Lakini hutakwenda bure. Nikueleze jambo ambalo babu yako hakupenda kulisimulia. Zamani misafara ya pwani yote ilipita kwetu, na kwetu maji ni kazi ya watu, hayakujichimba. Anayepita na kunywa alilipa hongo. Nguo, shanga, nyaya, kila mtu alijua. Haikuwa wizi wala kuomba. Ni kusema, hapa pana wenyewe. Basi akaja Mjerumani mmoja na wapagazi themanini, wamekauka midomo, na babu yako Chilongani akalaza mkuki kukingama njia ya kisimani. Akataka doti mbili tu za nguo. Yule mtu akacheka. Babu yako akakaa chini pembeni ya mkuki wake, akaanza kujikuna mguu. Wakatazamana mpaka jua likawa utosini. Wapagazi wakaanza kulia. Mjerumani akalipa.

Sikudanganyi, mwaka wa pili walirudi na bunduki wakachoma tembe yetu. Babu yako akapigwa risasi ya paja, na ndiyo maana ulimjua kilema. Nilimuuliza siku moja, je, ulikosea? Akasema, "Nililipwa."

Wanataka mkono wako na macho yako yanayoona upepo? Walipe hongo. Si nguo. Waandike jina lako mahali pa majina. Na la huyo Mbwana. Mwambie bahari haisomi, lakini Mjerumani anasoma, na kila anachokisoma anakiamini kuliko macho yake.

Bibi yako


Dar es Salaam,
26 Januari 1913

Bibi yangu,

Haraka tu, nakusalimu, na wewe nisalimie Yudith na mafua yake. Mimi mzima.

Nilimwomba Bwana Miwani aandike majina yetu. Alicheka, si kwa ubaya, kama mtu anavyocheka mbuzi akiingia nyumbani. Akasema tutaona baada ya mashindano. Nikamwambia kwetu hongo hulipwa kabla ya kupita. Akacheka zaidi.

Kesho asubuhi tunatoka. Penseli nimeifunga shingoni kwa uzi, daftari limo ndani ya kitambaa cha mpira. Nakwenda, bibi. Sijui kuogelea. Mbwana naye hajui, ananiambia anayejua huchukua muda mrefu zaidi kufa.

Matonya


Mvumi, bado tunapalilia
(16 Februari 1913)

Mume wangu,

Mimi mzima. Jibu upesi kama na wewe ni mzima. Kama si mzima, jibu vilevile.

Kefa alikwenda Dodoma kuchukua vitabu vya shule, akauliza stesheni. Watu wa gari moshi wakamwambia vyombo vyote sita vilirudi zamani, hakuna aliyezama. Nikafurahi siku mbili. Siku ya tatu akaja mtu wa akida, ana kofia mpya, akauliza kwa jina lako la ofisini, "Karani Yotham ndiyo kwao hapa? Ana ng'ombe wangapi? Ana ndugu wangapi?" Nikamwambia ana bibi mmoja, andika hiyo. Akauliza kama nimepata barua yako. Nikamwambia mimi sijui kusoma, barua nazitia motoni kuwashia. Yudith alikuwa nyuma yangu amezikalia.

Sasa nakuuliza wewe. Mtu wa akida haji kuhesabu ng'ombe wa mtu aliyeshika kalamu yake vizuri. Umefanya nini? Sikuulizi kwa kukulaumu. Nataka tu kujua kabla majirani hawajajua, maana Hana wa ng'ambo ya korongo ameanza kuniletea maziwa kwa huruma. Maziwa nayanywa, huruma nimemwambia abebe arudi nayo.

Kula. Lala. Andika.

Bibi yako


Dar es Salaam,
20 Februari 1913

Bibi yangu,

Nakusalimu kwa heshima zote. Ni mzima wa mwili. Siruhusiwi kutoka uani kwa Bwana Miwani, askari amekaa mlangoni. Barua hii ataipeleka posta Mwantum, mke wa Mbwana, ndani ya kapu la muhogo. Ndiyo maana nilichelewa.

Nianze na bahari. Kwenda ilikuwa rahisi, kaskazi ilitusukuma mgongoni. Tuliuzunguka mnara wa taa wa Mafia tukiwa wa tatu. Kurudi ndiyo kazi, upepo usoni, chombo kinakwenda mara huku mara kule kama ng'ombe anayepanda mlima. Siku ya pili mawimbi yalipita juu yetu. Niliandika kila saa, bibi, mkono mmoja penseli, mmoja kamba. Bwana Miwani akawa ananiuliza, "Yotham, upepo?" Nikawa namwambia. Asubuhi ya tatu tulikipita chombo cha Waingereza wa Unguja nje ya mlango wa bandari, karibu hata nikaona ndevu za nahodha wao. Tukawa wa kwanza.

Daftari lilitakiwa mikononi mwa wasimamizi kabla ya mzinga wa saa sita mchana. Ilikuwa yapata saa tano. Bwana Miwani akanyoosha mkono. Mimi nilikuwa nimekaa omo, kule mbele kabisa, na daftari nimelishika juu ya maji. Nikamwambia, "Bwana, hongo."

Mwanzo hakuelewa. Wenzake wakaelewa, wakaanza kupiga kelele. Mmoja akaja mbele, nami nikakunjua kidole kimoja. Akarudi. Mbwana akasema taratibu, "Karani, utatuua." Nikajikuna mguu. Kweli, bibi, uliniwasha kwa chumvi, lakini nilimkumbuka babu.

Bwana Miwani akachukua ile karatasi ya chombo kwenye sanduku la bati. Akaandika chini ya majina matatu, kwa mkono wake: Mbwana. Kisha akaandika Yotham. Nikasema, "Si Yotham. Yotham ni wa ofisini. Matonya wa Chilongani." Akaandika. Nikampa daftari.

Jioni yake Waingereza wakashitaki. Sheria yao inasema anayeandikwa kuwa mtu wa chombo awe mwanachama wa klabu, na sisi si wanachama. Kumbe mweusi kati ya pipa na taa haivunji sheria, mweusi mwenye jina anaivunja. Ili asinyang'anywe kikombe, Bwana Miwani akasema hakuandika yeye. Amesema karani wake anaweza kuiga mwandiko wake, na hilo wote ofisini wanalijua.

Sasa pana karatasi mezani. Inasema mimi Yotham niliyaandika majina hayo kwa siri. Nikitia sahihi, narudi Dodoma kwenye meza yangu na hakuna la zaidi. Nisipotia, ni kiboko, hamsa-ishirini, yaani mapigo ishirini na matano, na kazi hakuna, hapa wala kwingine. Wasimamizi wanakaa tarehe 10 Machi. Mbwana wamemwekea karatasi ya kusema hakuona kitu, ameweka alama yake. Ana watoto saba. Alikuja kuniambia mwenyewe, akashindwa kukaa.

Niambie nifanye nini.

Matonya


Mvumi, uwele unatoa masuke
(1 Machi 1913)

Matonya, mume wangu, baba yangu, mtoto wa mwanangu,

Afya yangu usiiulize leo.

Huyo Mbwana simlaumu, na wewe usimlaumu. Mwenye watoto saba ana migongo minane.

Unaniuliza ufanye nini. Nilikaa na barua yako siku mbili. Nilitaka kusema mara moja, usitie. Mdomo ulikuwa wazi, Yudith kalamu ameshaichovya. Kisha nikajitazama. Maneno ya hongo niliyasema nimekaa kivulini nachambua mlenda. Kikinyanyuliwa kiboko hakitapiga huku Mvumi. Mimi niliyekutia moto nitakuwa nakula, na wewe utakuwa umelala kifudifudi kwenye pipa. Nimewaona waliopigwa. Nimewakanda kwa maji ya chumvi. Sitakusimulia.

Kwa hiyo sikwambii. Mgongo ni wako, na sahihi ni yako. Mimi nakwambia ya hapa nyumbani tu, ndiyo ninayoyaamuru. Ukitia sahihi, njoo unisalimie, utakula ugali wa uwele na maziwa ya mbuzi mweusi, na atakayekutazama vibaya nitamtoa jicho. Usipotia, njoo, utakula ugali ule ule na maziwa yale yale. Sikuandalii vyakula viwili.

Yudith analia. Anasema atakuombea. Nimemwambia aombe, mimi nina njia yangu, nimemwaga maziwa kaburini kwa babu yako na nimemsema sana. Nimemwambia yeye ndiye aliyeanza.

Jambo moja tu nalisema, na si ushauri. Huyo mtu ameukana mwandiko wake mwenyewe. Mwizi wa mbuzi akikamatwa huikana nyama, lakini mkono wake haukani.

Bibi yako


Morogoro,
25 Machi 1913

Bibi yangu,

Nakuamkia. Niko Morogoro kwa Hassani, fundi wa reli, Mrangi wa Kondoa niliyemjua Dodoma. Mkewe Sikudhani ananikanda. Siwezi kulala chali, basi naandika nimelala kwa tumbo, samehe mwandiko.

Barua yako ilinifikia tarehe 12. Kesi ilikuwa imekwisha. Sikutia.

Waliniita mbele ya wasimamizi, wazungu saba, meza ina kitambaa cha kijani. Bwana Miwani akanisukumia kalamu. Niliiangalia ile karatasi ya chombo pale pembeni, nikawaambia, "Mabwana, mimi nikiiga mwandiko wa bwana wangu huwa nauandika vizuri kuliko yeye. Tazameni huo. Umepinda." Mwingereza mmoja aliyejua Kiswahili akacheka, akawatafsiria wenzake. Basi.

Wakatufuta kwenye mashindano. Mwenye daftari la klabu alichukua rula, akapiga mstari juu ya chombo chetu chote, Wajerumani watatu na sisi wawili, mstari mmoja. Niliona kwa macho yangu. Tumefutwa pamoja, bibi, na chini ya mstari majina bado yanasomeka. Kikombe kimekwenda Unguja.

Kesho yake nilivuliwa kofia ya ukarani. Nilihesabu mpaka kumi na nane, baada ya hapo alihesabu askari.

Bwana Miwani amesharudi Dodoma. Ndiyo maana sitaki kushuka Dodoma, makarani wenzangu wote wapo pale, na boma liko karibu na stesheni. Gari la Jumamosi tarehe 5 Aprili nitashuka Kikombo, stesheni ndogo kabla ya kufika Dodoma, nisubiri giza, nije nyumbani kwa njia ya nyuma ya korongo. Usimwambie mtu. Nitakaa ndani mpaka watu wasahau.

Mjukuu wako,
Matonya


Dodoma,
1 Aprili 1913

Mume wangu,

Anaandika Yahaya, mwenye duka karibu na stesheni. Yudith nimemwacha kwake, miguu yake ya Kikristo haiwezi safari. Mimi nimetembea siku mbili na goti langu. Ni mzima. Mlipe Sikudhani kwa heshima, mwambie nimempokea kuwa binti yangu, na chumvi asizidishe.

Yahaya anasema barua hii itakwenda na gari la leo, mtu wa reli ataitia mkononi mwa Hassani. Basi isome na uifuate.

Nimekuja tangu juzi. Jana asubuhi nilikwenda bomani. Askari mlangoni akaniuliza, "Bibi, una shauri gani?" Nikamwambia sina shauri, nimekuja kumtazama mtu asiyeujua mwandiko wake mwenyewe. Akasema niondoke. Nikakaa chini. Akasema atanifunga. Nikamuuliza atanilisha nini, maana meno ninayo matatu na hayakubaliani. Watu wakaanza kusimama. Wauza kuni, wapagazi, wake wa askari wenyewe. Kila aliyeuliza nilimweleza, tangu nanga mpaka mstari. Kufikia saa nne nilikuwa nimelieleza jambo hilo mara kumi na mbili, na mara ya mwisho vizuri kuliko ya kwanza.

Miwani akatoka. Ni mfupi kuliko nilivyodhani. Askari akakataa kumtafsiria, nikasema mwacheni, Kiswahili anakijua. Nikamwambia, "Bwana, mimi ni bibi yake Matonya wa Chilongani. Jina hilo unalijua, uliliandika." Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaingia ndani akafunga mlango. Makarani wenzako unaowaogopa walikuwa madirishani wameinamia karatasi zao, mabega yanatikisika. Jioni wawili walikuja hapa kwa Yahaya kunisalimia. Mmoja alinipigia magoti. Aliniuliza mjukuu wangu anarudi lini.

Nikamwambia Jumamosi.

Kwa hiyo usishuke Kikombo. Mwizi wa mbuzi ndiye anayepita nyuma ya korongo usiku. Wewe hukuiba kitu, uliibiwa. Kazi imekwenda, mgongo umechanika, hayo nayajua na nitayalia nikiwa peke yangu, mahali pangu. Lakini shamba lipo, uwele umekomaa, ndege wanaula, na kichwa chako bado kinajua kuandika. Watu wa hapa wana mashauri mengi kuliko makarani wa kuyaandika. Yahaya ameshaniuliza kama utakubali kukaa barazani pake.

Hana wa ng'ambo ya korongo anakuja na wanawake kumi. Nimewaambia waje na sauti zao, huruma waiache nyumbani. Askari watatuona, na waone.

Utashuka Dodoma, mchana, mlango wa mbele. Kama huwezi kuvaa shati, usivae. Simama pale gari linaposimama, usitafute uso wa mtu. Nitakuita kwa jina lako lote, mara moja tu, maana pumzi yangu si ya kupoteza. Itika kwa sauti, boma lisikie.

Bibi yako